Wikendi Kejani na Mpoa Wako: Form Ni Hii

Furahiday ikifika jioni, fone haipoi: "Form ni gani leo?" Kuna mbogi inaelekea Westi, kuna wale wa klabu za Thika Road, na kuna wale washaingia kwa mat ya kuelekea ushago. Form yangu ni ingine na leo naiweka wazi: wewe na mpoa wako, kejani, hadi Jumatatu asubuhi. Muvi kadhaa, chapo madondo, kadi mezani na story mob. Mimi na mresh wangu tunaishi bedsitter huku Zimmer, na hiyo ndio sherehe yetu. Sijaona ya kuishinda.

Kuna wasee wanadhani kukaa kejani na mpoa ni dalili ya msoto. Zii. Cheki tu vile wiki ya Nai hukuwanga. Unarauka kabla jua, unapanga laini ya mat, unafika mboka, jioni jam inakukalia, ukifika keja mnaulizana tu "umekula?" na kila mtu anazima. Mnaeza ishi hivyo mwezi mzima, mnalala kitanda moja na hujui ni nini inamsumbua mwenzako. Doo za kutoka out zinaezapatikana mwisho wa mwezi. Time ndio hupotea na hairudi, na wikendi ya kejani ndio njia ya kujipea hiyo time.

Jipangeni mapema

Wikendi poa huanza Furahiday kabla giza iingie. Nunua tokeni kwanza, juu hakuna kitu mbaya kama mita kuanza kulia steringi akiwa amening'inia kwa ghorofa. Cheki meko kama gesi ingali. Halafu pitia kwa mama mboga uchukue nyanya, vitunguu, dania, sukuma na avocado mbili zimeiva. Kabla ulale, loweka madondo. Ukiyaloweka usiku, kesho yanaiva haraka na gesi haiendi.

Thao moja inafika mbali hapa mtaani. Unapata unga ya chapo, madondo, mafuta, maziwa ya chai, mahindi ya bisi, na bado inabaki ya smokie pasua za kushikilia njaa. Hesabu tikiti mbili za sinema huko tao, bisi yao, soda, na teksi ya kurudi usiku, alafu uniambie.

Kazi ni ya wawili

Hapa sitakuficha. Ka mmoja amelala kwa kiti anacheki mpira na mwingine ako kwa sinki anaosha vyombo, hiyo ni wikendi ya mtu mmoja. Yule mwingine ako mboka tu. So Jumamosi asubuhi, kabla muvi yoyote, tunafungulia Ghetto Radio 89.5, stesheni inayobonga Sheng kuanzia asubuhi, na tunapiga kazi pamoja. Mmoja anafua, mwingine anasuza na kupeleka nguo kwa kamba huko juu ya plot. Mmoja anafagia, mwingine anapiga deki. Saa nne ikigonga keja inanukia sabuni, na hakuna mtu ako na deni ya mwenzake.

Machali, shikeni hii vizuri: kufua si kazi ya dem. Mresh wako pia amekuwa kwa jam wiki nzima.

Sasa muvi

Sheria yetu ni simple: kila mtu anachagua moja, na mwenzake haruhusiwi kulalamika. Hiyo inaokoa ile saa nzima watu hupoteza wakipitia orodha bila kubonyeza kitu.

Kama wiki ilikuwa ngumu, anzeni na DJ Afro. Ukikulia mtaani unajua penye huyu mse ametoka: vibanda vya vidi, mabenchi ya mbao, watoi wamejaa hadi mlangoni. Anachukua muvi ya Wachina, ya Wahindi ama ya Marekani, anaisimulia kwa Kiswahili na Sheng, na ghafla wale wasee wa kung fu wanabonga ka watu wa Githurai. Steringi anapigwa, anaanguka, na wewe unajua tu hawezi kufa. Mtacheka hadi muumwe na mbavu, na kucheka pamoja kunatoa uchovu mob.

Mkishatulia, wekeni *Nairobi Half Life*. Ilitoka 2012, director ni David "Tosh" Gitonga, na ndio muvi ya kwanza Kenya ilipeleka kutafuta nafasi ya Oscar. Joseph Wairimu anacheza Mwas, boyie wa ushago anayekuja Nai akitaka kuwa actor, na kabla azoee jiji washamwibia kila kitu. Inabonga Sheng, Kiswahili na Kikuyu, na mtaa unaonekana vile uko, bila kupakwa rangi.

Hii muvi ilinifunza kitu. Ile sini ya Mwas akiibiwa, mresh wangu alishika rimoti akasimamisha. Akanipea story yake ya siku ya kwanza Nai: vile alishukia Machakos Airport, ile stendi ya mabasi, na bag ya shule na kuku ya auntie kwa katoni, akasimama hapo asubuhi yote akiogopa kuvuka barabara, hadi mama mmoja wa njugu akamshika mkono akamvusha. Mimi na yeye tumetoka mbali, na hiyo story sikuwa nimewahi kuiskia. Tulirudi kwa muvi baadaye sana. Kwangu hiyo ndio kazi ya muvi kwa watu wawili: inafungua mdomo. Ukimuuliza mtu "niambie story yako," atakuambia hakuna story. Muonyeshe maisha inafanana na yake na atabonga hadi usiku.

Ukitaka ya kuguza roho, tafuta *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya 2018. Ni ya katoi kanaitwa Jo, mgonjwa sana, anayependa masupahiro, na kijiji chake kinaungana kumpea muvi yake mwenyewe. Wekeni leso karibu. Na kama mnataka siris ya kumaliza kwa siku moja, kuna *Country Queen*, siris ya kwanza ya Kenya kwa Netflix, iliyotoka Julai 2022. Ina episodi sita tu, na inaguza mambo ya mashamba na migodi, vitu kila familia ya ushago inajua uchungu yake.

Kwa hizi za kwetu, naomba kitu moja: msichukue za kuibiwa kwa flash. Hawa wasee wanatengeneza muvi na pesa kidogo sana. Tukizilipia ndio watatupea zingine.

Chapo zinataka mikono minne

Jumapili ni ya chapo. Peke yako ni kazi ya kuchosha, mkiwa wawili inakuwa raha. Maji iwe vuguvugu, chumvi, sukari kidogo, mafuta vijiko viwili ama vitatu. Kanda hadi unga iwache kushika mkono, alafu ifunike ipumzike nusu saa. Usiruke hiyo nusu saa, ndio hufanya chapo iwe laini. Baadaye sukuma, paka mafuta, kunja ka konokono, wacha tena kidogo, sukuma ya mwisho. Mmoja anasukuma, mwingine ako kwa pan anageuza. Ile ya kwanza ikitoka moto, mnaipasua katikati mnaikula mkisimama hapo hapo, bila sahani. Hiyo ya kwanza ndio tamu kushinda zote, na kila mtu aliyekulia nyumba ya Kenya anajua.

Madondo mliyochemsha jana yapate nyanya, kitunguu na dania ya kutosha. Avocado kando. Ukishadishi hivyo, hakuna mtu atakuuliza kama ulienda out.

Stima ikipotea, kuna kadi

Na itapotea, hii ni Nai. Washa mshumaa ama tochi ya fone, toa kadi. Mbili inakuokotesha mbili, tatu inakuokotesha tatu, joker inakuokotesha tano. Ace inazima hiyo moto yote. Q na nane ni maswali, lazima ujibu. Na ukikaribia kumaliza lazima useme "niko kadi" kabla, la sivyo humalizi. Kwetu anayechapwa anaosha sufuria ya madondo. Utaona vile mtu mpole anaeza pigania kutoosha sufuria.

Fone zilale

Hii ndio ngumu na ndio ya maana kushinda zote. Mnaeza kaa kiti moja na kila mmoja ako kwa TikTok yake, na hapo hakuna date. Sisi huziweka juu ya kabati, sauti juu kiasi, ndio mathe akipiga tuskie. Grupu za WhatsApp zitangoja. Mbogi itapost mapicha za klabu, na kesho zitakuwa bado ziko hapo. Saa ya kwanza mkono unatafuta fone yenyewe. Baada ya hapo unasahau, na unaanza kuona mwenzako poa: vile anacheka, vile amekonda, vile kuna kitu hajasema wiki yote.

Kutoka out si mbaya. Kuna siku ya kuvaa luku na kuenda kusakata. Lakini klabu haiwezi kukuambia kama huyu ndiye mtu wako, juu ngoma ni kubwa na hakuna anayeskia mwenzake. Keja itakuambia. Ka mnaeza maliza siku mbili kwa bedsitter moja, mkafua, mkapika, mkacheka na mkanyamaza pamoja bila kuboeka, shikilia huyo mtu, hiyo kitu ni ya ukweli.

So wikendi hii mbogi ikikuuliza form, waambie uko kejani. Loweka madondo, nunua tokeni, na umuulize mpoa wako anataka muvi gani. Wacha yeye ndio aanze kuchagua.