Mfarishi wa Viraka, na Jinsi ya Kuushona kwa Mkono

Mtu aliyepata kulala Songea katika mwezi wa Juni au Julai hana haja ya kuelezwa maana ya baridi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wenzetu watokao Mbinga, katika milima ya Umatengo, hutucheka tukilalamika, maana kwao ni zaidi. Na katika miezi hiyo hiyo, kila nyumba ina nguo kuukuu zisizovalika tena, na chini ya meza za mafundi cherehani mna vipande vya vitenge vinavyofagiliwa jioni na kuchomwa moto. Katika makala haya nataka kueleza jinsi vipande hivyo vinavyoweza kuwa kinga ya baridi hiyo, kwa sindano, uzi na uvumilivu.

Kitu ninachokisema ni mfarishi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo latokana na kutandika. Mfarishi ni nguo ya kujifunika yenye matabaka matatu: juu uso, katikati ujazo, na chini bitana. Matabaka hayo hushikwa pamoja kwa mishono midogo ipitayo katika yote matatu. Uso ukiwa umeungwa kwa vipande vingi, huitwa mfarishi wa viraka.

Kuunga vipande si jambo geni kwetu. Husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza hivyo huko pwani katika karne ya 19: wanawake walinunua leso zikiwa bado katika jora, wakakata sita, wakaziunga tatu kwa mbili, wakapata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaleta nguo iliyokwisha pigwa chapa nzima.

KWA NINI MFARISHI HULETA JOTO

Tumefundishwa katika Fizikia kwamba hewa iliyotulia ni kipitishaji kibaya cha joto. Mfarishi hauna joto lake wenyewe. Kazi yake ni kuishika hewa kati ya nyuzi za ujazo isitembee, na hivyo joto la mwili haliwezi kutoroka upesi.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi nzima, nami naomba msomaji aishike kuliko jambo jingine lolote. Mishono ikiwa mbalimbali mno, ujazo huhama. Baada ya kufuliwa mara mbili tatu hujikusanya pembeni kama madonge, na katikati hubaki nguo mbili tupu. Mishono ikibanana mno, huukandamiza ujazo, ikaitoa hewa, na mfarishi huwa mgumu kama mkeka. Fundi mwema hutafuta kadiri iliyo katikati.

VYOMBO VYA KAZI

Mwanzo hahitaji vingi.

Sindano iwe fupi na nyembamba. Sindano ndefu hupinda na haigeuki upesi mkononi.

Uzi uwe wa pamba, wenye nguvu. Kata kiasi cha dhiraa moja tu, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Uzi mrefu zaidi hujisokota, tena hulika kwa kupita katika nguo mara nyingi. Upitishe juu ya kipande cha nta ya nyuki, nao utateleza bila kufanya mafundo. Nta ni rahisi kupatikana kwetu, kwa kuwa mkoa wa Ruvuma una warina asali wengi.

Kastabini, ambayo wengine huiita subana, huvaliwa katika kidole cha kati cha mkono unaoshona. Wanaoanza huiona kero, lakini kupitisha sindano katika matabaka matatu mara elfu kadhaa bila kastabini ni kukitoboa kidole. Ikikosekana, kipande cha ngozi laini kilichoshonwa kama kofia ya kidole chatosha.

Mkasi mkali, rula, na futi ya fundi ni lazima. Kwa kuchora mistari tumia chaki ya fundi, au kipande chembamba cha sabuni kilichobaki baada ya kuoga; alama yake hutoka ikifuliwa. Kalamu ya wino usiitumie kabisa.

Wako watumiao fremu ya mbao kuitandaza nguo. Ni chombo kizuri, lakini meza safi yatosha kwa mfarishi mdogo.

KUCHAGUA NGUO

Chagua nguo za pamba zenye uzito uliokaribiana: kanga, kitenge, mashati ya zamani. Usichanganye kitambaa kizito kama cha suruali na chepesi kama cha kanga, kwa sababu kizito hukivuta chepesi na kukipasua penye mshono. Nguo iliyochakaa itazame mbele ya mwanga: sehemu inayopitisha mwanga kama chujio imekwisha, iache.

Fua nguo zote kwanza. Nguo mpya ya pamba hupungua ikifuliwa, na nyingine huchuja rangi. Ijaribu kwa kuisugua na kitambaa cheupe kilicholowa. Cheupe kikichukua rangi, ifue tena hadi iache.

Kwa ujazo, anayeanza namshauri atumie blanketi kuukuu. Halihami, nalo hukubali sindano. Pamba iliyochambuliwa ni nzuri, lakini yataka kutandazwa kwa unene ulio sawa. Sufi, ile tunayojazia mito, ni laini mno na nyuzi zake huteleza, hazishikamani. Afadhali ibaki katika mito.

KAZI YENYEWE

Mimi nilifundishwa na mama yangu mkubwa wakati wa likizo. Mdogo wangu alikuwa ameachishwa ziwa akahamia kitanda chetu, na nyumbani mlikuwa na mablanketi mawili kwa watu sita. La tatu halikupatikana, basi tukashona mfarishi. Vipimo nitakavyovitaja ndivyo vya mfarishi ule.

Kwanza, kata kiolezo cha karatasi ngumu, mraba wa inchi 6. Kwa kiolezo hicho kata viraka 36. Fuata uzi wa nguo, usikate mshazari, maana mshazari hunyumbuka.

Pili, panga viraka vyote sakafuni, sita kwa sita, kabla ya kushona hata kimoja. Simama mbali utazame. Weusi usikusanyike upande mmoja, na viraka viwili vya nguo moja visikae jirani.

Tatu, unga viraka vya kila mstari, uso kwa uso, ukiacha robo inchi toka ukingoni. Mshono ni bandi, yaani sindano huingia na kutoka kwa hatua ndogo zilizo sawa. Kila baada ya inchi moja rudi nyuma hatua moja ili mshono usifumuke. Kisha unga mstari kwa mstari. Kila mshono hula robo inchi ya kila kiraka, kwa hiyo mraba wa inchi 6 hubaki inchi 5½, na sita zake ni inchi 33. Kwa mtu mzima waweza kukata viraka 104, ukavipanga 8 kwa 13. Utapata inchi 44 kwa inchi 71½. Piga pasi, ukilaza mishono yote upande mmoja. Mshono uliolazwa ni imara kuliko uliofunguliwa huku na huku.

Nne, tandika matabaka. Bitana iwe chini, upande wake mzuri ukitazama sakafu. Juu yake ujazo. Juu kabisa uso. Bitana na ujazo vizidi uso kwa inchi 2 kila upande. Laini kwa viganja toka katikati kwenda nje, pasiwe na kunyanzi hata moja.

Tano, shikiza matabaka kwa bandi ndefu za muda, toka katikati kwenda pembeni, kama miali ya jua. Tumia uzi wa rangi tofauti, kwa kuwa utafumuliwa baadaye. Kazi hii huwachosha wengi, nao huiruka. Wanaoiruka huona bitana imejikunja wakati wameshafika mbali.

Sita ndiyo kazi ya mfarishi hasa. Chora mistari, kila mmoja umbali wa inchi 2 hadi 3 na mwenzake. Funga fundo dogo mwishoni mwa uzi, ingiza sindano toka juu hatua chache kutoka unapoanzia, kisha vuta kidogo kwa ghafla: fundo litapenya na kujificha ndani ya ujazo. Anza katikati ya mfarishi, uende nje. Mkono mmoja uko juu na sindano. Wa pili uko chini, na ncha ya kidole hungoja kuisikia sindano ikitoka. Ikiguswa tu, irudishe juu. Chukua hatua mbili au tatu, kisha vuta uzi. Usiukaze hata nguo ikajikunja.

Mafundi wakubwa huweza kupata mishono 10 au 12 katika inchi moja. Anayeanza akipata mitano au sita inatosha. Mishono mikubwa iliyo sawa ni mizuri na imara kuliko midogo iliyopotoka. Usawa kwanza, udogo utakuja wenyewe.

Saba, pindo. Kata ujazo uwe sawa na uso, na bitana ibaki imezidi kwa inchi moja. Kunja nusu inchi ikutane na ukingo, kunja tena ije juu ya uso, ushone. Sasa fumua bandi zote za muda.

NJIA YA WASIDDI

Iko njia nyingine isiyotaka hata ujazo, nayo inatuhusu. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, ambao asili yao ni Afrika. Wengi wa wazee wao walichukuliwa utumwani, na baadhi walitoka upande huu wetu wa mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Hutandika nguo moja pana, mara nyingi sari kuukuu, wakaanza kushona penye kona na kuzunguka kando kando, kila mara wakiongeza kiraka na kukunja ukingo wake ndani, hata wakakutana katikati. Mshono mmoja huunga na kushikilia kwa pamoja. Mwisho hutia katika kila kona vipande vya pembetatu viitwavyo phula, yaani maua, na bila hivyo kazi haihesabiwi kuwa imekwisha. Asiye na rula wala blanketi kuukuu aanze kwa njia hii.

MANENO YA MWISHO

Wavulana wasiipite kurasa hii wakidhani ni ya wasichana. Mafundi cherehani wengi wa nchi yetu ni wanaume, na sindano haimuulizi mtu jinsi yake. Kadhalika asiyejua kushona kabisa asiogope; bandi ndiyo mshono wa kwanza ambao mtoto hufundishwa, na mfarishi mzima karibu wote ni bandi.

Ufue mfarishi kwa maji yasiyo ya moto, usiusokote, uuanike umetandazwa. Kiraka kikichakaa, kata kingine ushone juu yake. Blanketi likitoboka huendelea kutoboka, lakini mfarishi huweza kupewa kiraka kipya kila mwaka.

Mfarishi tulioushona nyumbani ulichukua likizo nzima, na tulichonunua ni uzi na sindano tu. Mdogo wangu sasa yu darasa la pili, naye hujifunika huo huo, ingawa miguu imeanza kutokeza. Likizo ijayo tutauongeza safu mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu