Gari huundwa kwa hatua, na hatua ya mwisho inaachiwa fundi wa Butembo

Uwanja wa ndege wa Rughenda, mjini Butembo, unapokea ndege ndogo tu. Mizigo mizito haipiti huko. Pikipiki zinazojaa barabara za mji huo na za Beni zinatoka zaidi China na India. Zinashuka bandarini Mombasa ndani ya kontena, zinapita Kenya na Uganda, zinavuka mpaka wa Kasindi, kisha zinapanda kwa lori. Nyingi zinafika ndani ya katoni, hazijakamilika. Kadre na motere viko pamoja, lakini gurudumu la mbele, usukani, vioo na taa vimefungwa pembeni. Fundi anafungua katoni, anakaza buloni, anatayarisha batri, na siku ileile motari anaweza kupakia abiria wake wa kwanza.

Namna hiyo ya kusafirisha chombo kikiwa vipande haikuanzia Asia. Ilienea kutoka Detroit, Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, kampuni ya Ford ilianza kuunganisha gari la Model T kwenye mstari unaotembea. Jaribio la kwanza halikuwa gari zima. Ilikuwa magneto, kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha motere. Mfanyakazi mmoja alikuwa anaimaliza kwa dakika 20 hivi. Kazi ilipogawanywa katika vipande 29, kila mtu na kipande chake, muda ulishuka hadi dakika 13, na baada ya marekebisho ukafika dakika 5. Kisha wakaja kwenye shasi: kutoka saa 12 na nusu hivi hadi saa 1 na dakika 33. Bei ikafuata. Model T iliyouzwa dola 850 mwaka 1908 ilikuwa chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Ford hakutaka kusafirisha magari mazima kwa treni, kwani behewa moja linabeba mengi zaidi yakiwa vipande. Basi vipande vilitumwa katika miji mingine na inchi zingine, na huko vikaunganishwa. Mfanyabiashara wa Butembo anayehesabu nafasi ndani ya kontena anafanya hesabu hiyohiyo.

Magari ambayo leo wapenzi wa vitu vya zamani wanayatafuta kwa feza nyingi, kama Chevrolet ya 1955, 1956 na 1957, yalitoka katika mpango huo ulipokuwa umekomaa. Yalikuwa na shasi ya chuma mbali na karoseri mbali, na kila upande ulikuwa na safari yake.

Shasi ililazwa kwanza kichwa chini. Hivyo wafanyakazi walifunga resori na ekseli bila kuinama wala kulala chini. Kisha ikageuzwa, ikapokea mabomba ya freni, na motere ikashushwa juu yake ikiwa tayari imeungana na sanduku la gia. Baadaye yakaja mabomba ya moshi na magurudumu.

Wakati huohuo karoseri ilikuwa inatengenezwa na Fisher Body, tawi la General Motors. Mabati yalibanwa ndani ya fremu kubwa ili yasipotoke, yakachomelewa, na maungio yakajazwa risasi na kulainishwa kwa mkono. Kisha dawa ya kuzuia kutu, rangi ya chini, rangi ya juu, na tanuri. Ndipo ikapewa nyaya, vioo, kitambaa cha dari na dashibodi. Yote hayo kabla karoseri haijaona motere.

Pande hizo mbili zilikutana pahali pamoja: karoseri ilishushwa kutoka juu, ikakaa kwenye shasi, ikafungwa kwa buloni na vipande vya mpira katikati. Baadaye mabati ya mbele, radiateri na kapo. Mafuta kidogo yakatiwa, motere ikawashwa, taa zikanyooshwa, na gari likanyunyiziwa maji kuona kama linavuja.

Kwa sababu gari la buluu lingeweza kufuatwa na la kijani lenye motere tofauti, kila hatua ilihitaji kujua nini kinakuja. Karatasi ya maagizo ilitembea na gari. Nyingine zilisahauliwa ndani ya viti, katikati ya resori, na hadi leo mafundi wanaofungua viti vya zamani wanazikuta. Namba ya gari nayo inasema mengi. Chevrolet ya 1957 yenye VC57F mwanzoni ni V8, aina ya Bel Air, ya mwaka 1957, iliyounganishwa Flint.

Ila mpango huo ulikuwa na deni lake. Mtu anayekaza buloni ileile siku nzima haoni gari, anaona buloni. Mwaka 1914 Ford alilazimika kupandisha malipo hadi dola 5 kwa siku, juu ya wafanyakazi waliokuwa wakiacha kazi ovyo. Miaka mingi baadaye, huko Lordstown, Ohio, mstari wa Chevrolet Vega ulipangwa kutoa magari 100 hivi kwa saa, yaani sekunde 36 kwa kila kituo. Mwaka 1972 wafanyakazi waligoma.

Na kosa dogo likipita, linapita mara milioni. Mwisho wa 1971 General Motors iliita Chevrolet karibu milioni 6,7 zirudishwe kwa sababu ya mpira unaoshika motere. Mpira huo ukikatika, motere ingeweza kuinuka na kuvuta kamba ya aksereta, gari likaenda mbio lenyewe. Ndiyo sababu ya kuweka wakaguzi kati ya hatua na hatua, na sheria nyuma yao. Marekani ilipitisha yake ya usalama wa magari mwaka 1966.

Congo nayo ilionja hatua za mwisho za mstari huo. Katika miaka ya 1970, enzi ya Zaire, General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Kinshasa. Hakikudumu. Kenya ilianza wakati uleule: kiwanda cha Leyland Thika mwaka 1974, General Motors Nairobi mwaka 1975. Hicho cha Nairobi kingali kinafanya kazi, chini ya jina la Isuzu tangu 2017. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inayotiwa kwenye batri za magari mapya, halafu inapokea katoni. Iko mwanzoni mwa mstari na mwishoni kabisa. Katikati, penye malipo mazuri, haipo.

Lakini mwisho wa mstari si kazi ndogo. Katoni inayofunguliwa Butembo imeacha hatua mbili: kufunga na kukagua. Ya kwanza inalipwa na kuonekana. Ya pili haionekani, na mteja mwenye haraka haiombi. Barabara ya mlima, abiria wawili na mfuko wa kahawa ndivyo vitakavyoikagua.

Mnunuzi anaweza kuidai kabla ya kulipa. Oili ya motere iangaliwe kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Ekseli ya gurudumu la mbele na buloni za usukani zikazwe mbele ya macho yake, kwa ufunguo unaozitosha, si kwa koleo. Cheni isivutwe kupita kiasi. Inatakiwa kucheza sentimita 2 au 3 hivi. Freni zijaribiwe kwenye mteremko mfupi, bila abiria. Na kitabu cha mashine huagiza huduma ya kwanza mapema, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1.000, kwani buloni mpya hulegea. Kwa motari wa Butembo, kilomita hizo ni kazi ya siku chache tu.