Anayesikiliza Naye Asikilizwe

Jeraha la risasi huonekana, nalo hufungwa likapona. Jeraha la moyo halionekani. Aliye nalo hula na kuvaa sare yake kama wenzake, lakini usiku hapati usingizi. Kishindo cha mlango humrusha kitandani, na hasira humpanda hata mbele ya watoto wake. Huko Rwanda na Burundi hali hiyo huitwa ihahamuka.

Mji wa Bujumbura waijua sana. Vita vilivyozuka baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, vyakadiriwa kuangamiza watu 300,000. Majirani wa Kamenge na Ngagara walitenganishwa na hofu. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na jeshi jipya likaundwa mwaka 2004, likiwaweka katika safu moja watu waliokuwa wakiwindana. Ndoto za usiku hazikukoma kwa amri hiyo.

Kuanzia mwaka 2003, waumini wa dhehebu la Quaker waliendesha nchini humo mafunzo ya siku tatu ya kuponya na kujenga upya jamii. Watu 20 walikaa pamoja, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule. Siku ya kwanza walijifunza dalili za jeraha la moyo. Siku ya pili waliomboleza waliowapoteza. Siku ya tatu walijaribu kuaminiana. Mmoja alifungwa kitambaa machoni, akaongozwa kwa mkono na mtu ambaye jana yake alimwogopa.

Pengine askari atasema kwamba haya ni mambo ya raia wanyonge. La hasha! Tiba ya kundi ilikua hasa katika hospitali ya jeshi. Huko Northfield, karibu na Birmingham, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Wilfred Bion aliwakusanya askari waliovunjika moyo wazungumze na kusaidiana. Yeye mwenyewe alikuwa ameongoza vifaru katika vita ya kwanza, vita ambayo ndani yake Waingereza walimpiga risasi askari wao Harry Farr, mwaka 1916, kwa kosa la woga, ingawa alikwisha kulazwa hospitali kwa mtikisiko wa vita. Msamaha wake ulikuja mwaka 2006.

Faida ya kundi imepimwa jirani na Bujumbura, mashariki ya Kongo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 uliwahusu wanawake waliotendewa ukatili wa kujamiiana. Miezi sita baada ya tiba ya pamoja, 9 tu kati ya kila 100 walikuwa bado na huzuni au wasiwasi mkubwa. Miongoni mwa waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida, walikuwa 42.

Yafaa tutazame jambo moja ambalo husahauliwa. Wahudumu walioendesha tiba ile hawakuachwa peke yao: kila juma walizungumza na wasimamizi wao. Ilikuwa lazima. Asikiaye habari za mauaji kutwa nzima huanza kuota ndoto za wengine. Huwakwepa watu, humkatiza mgonjwa asiseme, na mwisho moyo wake hukauka. Mshauri wa Bujumbura ana mzigo zaidi, kwa kuwa msiba anaousikiliza mara nyingi ni msiba wake pia. Akianguka, kundi zima hukosa mtu wa kulishika.

Askari wanaielewa sheria hii kuliko watu wengine. Mlinzi hubadilishwa zamu kabla macho hayajafumba, na hakuna amwitaye mwoga kwa sababu amepokewa lindo. Basi mshauri naye apewe zamu, mapumziko, na baraza la wenzake ambamo atasema yaliyomlemea bila kutaja majina ya wagonjwa.

Ndugu zetu polisi, ninyi nanyi ni wasikilizaji. Anayeandika maelezo ya mama aliyebakwa, au anayeokota maiti barabarani, hubeba picha hizo hadi nyumbani. Ndugu wanajeshi, wapo miongoni mwa askari wa Burundi waliopelekwa Somalia kuanzia Desemba 2007 waliowazika wenzao kisha wakarudi kwa wake na watoto kana kwamba wametoka gwaride.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa vikosi watenge saa moja kila juma, askari wakae duara, pasipo cheo wala adhabu, chini ya mtu aliyefunzwa. Na mtu huyo naye awe na msimamizi wake. Kamanda akitangulia kusema, kuruta hataona haya kumfuata. Na aliyezidiwa apelekwe hospitali mapema, kama apelekwavyo mwenye malaria, bila kuandikiwa woga katika jalada lake.