Wimbo wa "Baba Yetu" na Kuenea kwa Kiswahili

Kukua kwa lugha ni kuongezeka kwa msamiati na matumizi yake. Kuenea ni lugha kufika maeneo mapya. Mfano wa kuenea ni wimbo wa Kiswahili "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV (2005). Maneno yake yanatokana na Sala ya Bwana. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda tuzo hiyo. Leo kwaya za nchi mbalimbali huuimba.

Zingatia: kuimba Kiswahili si kukizungumza. Katika jibu lako, andika kuwa wimbo huu umekitangaza Kiswahili. Usiandike kuwa umeongeza wazungumzaji.