Gari-Nyumba Kuukuu: Kuyatambua Maradhi ya Injini na Nyaya

Gari-nyumba ni gari ambalo ndani yake mna vitanda, meza, jiko dogo, kabati na tangi la maji, hata mwenyewe aweza kupika na kulala humo bila ya kupanga chumba popote aendapo. Katika nchi za Ulaya na huko Marekani jamaa nyingi hutumia gari la namna hiyo wakati wa likizo, na wako wazee waliostaafu ambao huishi humo miezi mingi ya mwaka. Lakini gari-nyumba jipya ni ghali mno, kwa hiyo watu wa kipato cha kadiri hununua lililokwisha tumika. Hapo ndipo yaanzapo mambo. Anunuaye gari-nyumba kuukuu hununua kwa mkupuo mmoja gari, nyumba, na makosa ya wote waliolimiliki kabla yake.

Lililo mashuhuri miongoni mwa magari hayo ni Volkswagen Kombi. Mchoro wake wa kwanza ulichorwa na Mholanzi Ben Pon tarehe 23 Aprili, 1947, na gari lenyewe likaanza kutengenezwa Ujerumani mwezi Machi, 1950. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilianza kulitia vitanda na makabati. Toleo la pili, lenye kioo kimoja kipana mbele, lilitoka mwaka 1967 na kutengenezwa Ujerumani hadi 1979. Huko Brazil magari ya ukoo huo yaliendelea kutoka kiwandani hadi mwisho wa mwaka 2013. Afrika ya Mashariki nayo inalijua sana Kombi, maana limebeba abiria na watalii katika barabara zake kwa miaka mingi. Maelezo yafuatayo yanahusu hasa Kombi la toleo la pili lenye injini ya 1600 ipozwayo kwa upepo, lakini utaratibu wake wafaa kwa karibu kila gari-nyumba la petroli lenye umri mkubwa.

KWANZA UTARATIBU

Wengi huharibu fedha kwa sababu hubadilisha vipuri kabla ya kujua ugonjwa. Gari likikataa kuwaka hununua betri. Likikataa tena hununua koili. Likikataa mara ya tatu hubadilisha kabureta. Mwisho wake huwa na gari lenye vipuri vipya na ugonjwa ule ule. Mganga mwema hupima kwanza, ndipo atoe dawa.

Yafaa mwenye gari awe na daftari. Aandike humo ugonjwa ulionekana lini: asubuhi injini ikiwa baridi, au mchana baada ya mwendo mrefu, wakati wa mvua, au wakati wa kupanda mlima. Kisha abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja na kujaribu gari kabla ya kugusa la pili. Vyombo vinavyohitajika si vingi: spana na bisibisi, geji nyembamba za kupimia nafasi, mita ya umeme, taa ndogo ya majaribio yenye nyaya mbili, msasa laini na kitambaa safi.

INJINI ISIYOWAKA

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: cheche kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi, na mgandamizo ndani ya silinda. Likikosekana moja, mengine mawili hayafai kitu.

Uchunguzi huanzia kwenye cheche. Plagi moja hufunguliwa, ikarudishwa kwenye waya wake, na chuma chake kikagusishwa kwenye mwili wa injini kwa koleo yenye mpini wa mpira, mbali na petroli yoyote. Mtu wa pili akizungusha ufunguo, cheche yenye nguvu, ya rangi ya samawati, yapasa kuonekana. Ikiwa ni dhaifu na ya manjano, au haipo kabisa, kifuniko cha distribyuta kifunguliwe. Ndani yake mna pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungana kila injini izungukapo. Nafasi yake, pointi zikiwa zimefunguka kabisa, iwe milimita 0.4. Pointi zilizoungua au kuota kichuguu upande mmoja zibadilishwe pamoja na kondensa, kwa kuwa kondensa mbovu ndiyo huziunguza upesi. Nyaya za plagi nazo zirudishwe mahali pake kwa mpango wa silinda 1, 4, 3, 2. Waya mbili zikipishana, injini hutetemeka na kupiga risasi hata kama kila kipuri ni kizima.

Cheche ikiwa njema, itazamwe petroli. Gari lililosimama miezi mingi huota kutu tangini, na kutu hiyo huziba chujio na vitundu vya kabureta. Kabla ya kuifungua kabureta, chujio libadilishwe na pampu ijaribiwe kama yaleta petroli. Mafundi wazoefu husema kwamba kabureta iguswe mwisho wa yote, nao wana sababu: vali, pointi na wakati wa cheche visipokuwa sawa, kabureta haiwezi kurekebishwa ikatulia.

Jambo la tatu ni mgandamizo, nao hutegemea sana vali. Katika injini ya 1600 nafasi ya vali ni milimita 0.15, nayo hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla ya kuwashwa. Wapo wanaoogopa vali inayogonga, ilhali ya kuogopwa zaidi ni ile iliyonyamaza. Vali yenye nafasi kubwa hupiga kelele ikaomba kurekebishwa. Vali isiyo na nafasi haifungi sawasawa, hivyo haipati kupoa, nayo huungua kimya kimya hadi siku itakapokatika na kuivunja injini njiani.

INJINI INAYOCHEMKA BILA MAJI

Injini ya Kombi hili haina rejeta wala maji. Hupozwa na feni kubwa, na feni hiyo huzungushwa na mkanda ule ule unaozungusha dainamo. Kwa hiyo taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, dereva asiseme kwamba betri itamfikisha nyumbani. Asimamishe gari mara moja na kuutazama mkanda. Ukiwa umekatika, feni nayo imesimama, na mwendo wa dakika chache waweza kuiua injini. Mkanda mmoja wa akiba na spana yake ni mzigo mdogo kupita gharama ya injini. Injini kubwa za 1700, 1800 na 2000, zilizotiwa katika Kombi tangu miaka ya 1970, feni yake imefungwa kwenye shafti yenyewe, lakini hata hizo taa hiyo isipuuzwe.

Kuna jambo lingine lisilotazamwa na wanunuzi wengi. Kuizunguka injini mna mabati na ukanda wa mpira, ambavyo kazi yake ni kutenga hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Fundi mvivu huyatoa mabati hayo akayatupa ili apate nafasi ya mkono. Tangu siku hiyo feni huvuta hewa iliyokwisha pata moto. Silinda ya tatu ndiyo huumia kwanza katika injini za zamani, kwa kuwa kipozeo cha oili kiliwekwa njiani mwa hewa yake hadi mpango huo ulipobadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Oili nayo ni kama lita 2.5 tu, na injini ya 1600 haina chujio la karatasi ila wavu wa chuma. Basi oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na wavu uoshwe.

NYAYA NA SIRI ZAKE

Katika nyaya ndiko watu wengi hukata tamaa. Kila mwenye gari aliongeza jambo lake: huyu redio, yule taa ya kusomea, mwingine pampu ya maji, na kila mmoja alisokota waya juu ya waya akazungushia utepe. Hata hivyo kiwanda kiliacha ufunguo wa kuzisomea. Karibu na kila ncha pameandikwa nambari. Nambari 30 ni umeme utokao betrini moja kwa moja, 15 ni umeme uwakao ufunguo ukizungushwa, 31 ni ethi, na 50 ni waya wa kuamuru starta. Ajuaye nambari hizo nne aweza kufuata njia ya umeme kama afuataye mtaa kwa majina ya nyumba.

Ugonjwa wa kwanza ni ethi. Giaboksi imeunganishwa na bodi kwa mkanda wa nyaya zilizosukwa. Mkanda huo ukioza, umeme wa starta hutafuta njia nyingine, na mara nyingine hupita katika kebo ya mafuta au ya klachi hata ikapata moto na kukwama. Mahali pa ethi pasuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, ndipo pafungwe.

Ugonjwa wa pili ni fyuzi. Fyuzi za zamani zina umbo la risasi ndogo, nyeupe za ampea 8 na nyekundu za ampea 16, nazo hushikwa na vibanio viwili. Vibanio vikiota ukungu, fyuzi huonekana nzima lakini umeme haupiti. Mara nyingi kusafisha kwatosha. Kuzungushia fyuzi karatasi ya sigara ni kuandaa moto.

Ugonjwa wa tatu huwashangaza wengi: gari huwaka vema asubuhi, lakini likisimama kidogo baada ya safari, starta hutoa mlio mmoja tu ikanyamaza. Waya wa 50 husafiri kutoka kwenye ufunguo mbele hadi kwenye starta nyuma, na katika njia hiyo ndefu, yenye viungo vya zamani, volti hupotea. Starta iliyopata joto huhitaji zaidi, nayo hupata kidogo. Mita iwekwe kwenye ncha ya 50 wakati mtu mwingine anazungusha ufunguo. Volti zikiwa pungufu sana ya zile za betri, dawa si starta mpya. Dawa ni kusafisha viungo, au kutia rilei karibu na starta ili ipate umeme wake moja kwa moja kutoka betrini.

Betri yenyewe husema kweli ikipimwa. Iliyojaa na kupumzika huonyesha kama volti 12.6. Injini ikikimbia, mita yapasa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, dainamo haichaji. Ikipita sana hapo, betri huchemshwa.

HESABU YA NYUMBANI

Mama wa nyumba ajuaye hesabu ya unga na mafuta ataielewa hesabu hii. Wati zikigawanywa kwa volti hupatikana ampea. Vyombo vya wati 60 vikiwashwa kwa betri ya volti 12 hutumia ampea 5. Betri ya saa-ampea 60 isitumiwe kupita nusu yake, yaani 30. Kwa hiyo vyombo hivyo vyaweza kuwaka saa 6 tu. Ndiyo maana gari-nyumba hupewa betri ya pili kwa ajili ya taa na pampu, iliyotengwa ili ile ya kuwashia injini isiishe usiku. Kila waya utokao betrini uwe na fyuzi yake karibu na betri, maana kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Umeme mkubwa wa volti 230, uingizwao kutoka nje, aachiwe fundi aliyesomea.

MOSHI NA MOTO

Yote yaliyotajwa hapo juu yaweza kumlaza mtu njiani. Mawili yafuatayo yaweza kumlaza asiamke.

La kwanza ni moshi. Joto la ndani ya Kombi hutokana na hewa inayopita kuzunguka mabomba ya ekzosi. Mabomba hayo yakitoboka kwa kutu, hewa hiyo huchanganyika na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ikaingia moja kwa moja walikolala watoto. Kuumwa kichwa na kichefuchefu safarini visichukuliwe kuwa uchovu wa njia. Milango ifunguliwe, watu watoke nje, na joto hilo lisitumiwe tena hadi mabomba yakaguliwe. Injini isiachwe ikiunguruma watu wakiwa wamelala, na jiko la kupikia lisigeuzwe kuwa la kuotea moto.

La pili ni mipira ya petroli. Mpira wa zamani hupasuka nyufa ndogo, na petroli hudondokea injini yenye moto na cheche. Makombi mengi yameteketea hivyo. Bloku ya injini imetengenezwa kwa madini yenye magnesi, ambayo ikishika moto hung'aa kama jua na kuzidi kuwaka ikimwagiwa maji. Basi mipira yote ibadilishwe siku ya kwanza gari linaponunuliwa, kabla ya mapazia na mito, na kizimamoto cha unga kiwekwe mahali pa kufikiwa upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu ni wa mpira wa bei ndogo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Gari lililopita miaka 40 laweza bado kuwachukua wazazi na watoto wao mbali na kuwarudisha salama, ikiwa mwenyewe atalipima kabla ya kulitibu, na kuanza na yale yanayolinda roho za waliolala ndani.