Vijineno Vinne vya Kisomali na Vihusishi vya Kiingereza

Soma sentensi hii, ya aina inayojaa kwenye madaftari ya insha katika shule za Garissa: "I was born at Dadaab on 2008." Mwalimu ataikata kwa kalamu nyekundu, aandike "in" mara mbili, kisha ashike daftari linalofuata. Mwanafunzi atanakili masahihisho, na wiki ijayo atakosea vilevile, maana hakuna aliyemweleza kosa lake limetoka wapi.

Limetoka kwenye lugha anazozijua vizuri, Kisomali na Kiswahili. Kisomali kina vijineno vinne tu vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi ya vihusishi: "u", "ku", "ka" na "la". "Ku" peke yake hushika mambo ambayo Kiingereza kimeyagawia "in", "on" na "at", na hata "with" ya kifaa, kama unapoandika kwa kalamu. "Ka" ni "from", ni "about", tena ndiyo "than" unapolinganisha vitu viwili. Kiswahili nacho hakimsaidii sana hapo. Tunasema yuko nyumbani, anaenda nyumbani, ametoka nyumbani, na neno halibadiliki. Kitenzi ndicho kinachoonyesha mwelekeo. Kwa hiyo mtoto wa Balambala au Ijara anatakiwa achague kati ya "in", "on" na "at", maneno matatu ambayo lugha zake mbili hazijawahi kumdai ayatenganishe.

Mimi ningemfundishia kwenye daraja la Mto Tana, hata kama ni kwa mawazo. Askari wa kizuizi wako "at the bridge": daraja hapo ni alama ya mahali tu, nukta kwenye ramani. Basi linalovuka kwenda Madogo liko "on the bridge", kwa sababu sasa daraja lina uso na kitu kimekaa juu yake. Mamba wako "in the river", wamezungukwa na maji pande zote. Hata mji hubadilika kulingana na anayeutazama. Mkazi anaishi "in Garissa", lakini basi litokalo Nairobi kwenda Wajir husimama "at Garissa", kwani kwa msafiri mji ni kituo njiani.

Kwa wakati, saa hutaka "at", siku "on", mwezi na mwaka "in": "at four o'clock", "on Friday", "in Ramadan". Asubuhi ni "in the morning" ilhali usiku ni "at night", na ukishaitaja siku unarudi kwa "on Friday morning". Hayo ni ya kukariri, hayana njia ya mkato.

Panapowashinda wengi, hata watu wazima wenye shahada, ni kihusishi kinachofuata kitenzi au kivumishi. Kwa kuwa tunasema tofauti na, tunaandika "different with" badala ya "different from". Kwa kuwa ameolewa na, tunaandika "married with" badala ya "married to". Tunajadili kuhusu jambo, basi tunaandika "discuss about", na kumbe "discuss" haitaki kihusishi chochote.

Hapa Msomali ana faida ambayo walimu wengi hawajaitumia. Katika "Waxaan ku noolahay Garissa", yaani ninaishi Garissa, "ku" imesimama ubavuni mwa kitenzi, na jina la mji liko mbali nayo. Tangu utotoni amezoea kijineno kuwa mali ya kitenzi. Basi afundishwe "depend on", "listen to" na "wait for" kama neno moja lenye vipande viwili, na aliandike hivyo daftarini tangu siku ya kwanza. Sentensi kama "the man I spoke with" haitamtatiza, kwani katika "ninka aan la hadlay" pia kijineno kimebaki na kitenzi. Walimu wanaoikata eti kwa sababu imeishia na kihusishi wanafuata lalamiko la mshairi John Dryden la mwaka 1672, na waandishi wazuri wa Kiingereza hawakulitii.

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina kifungu chenye nafasi kumi za kujazwa neno mojamoja, na mara nyingi neno linalotakiwa ni kihusishi. Hiyo ni alama inayopotea bure.

Tangu mashambulizi ya wanamgambo yalipoifanya Tume ya Huduma za Walimu iwahamishe walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera mwaka 2020, shule nyingi zimetegemea vijana wa huko huko walioajiriwa na bodi za shule. Vijana hao wanakijua Kisomali, na tangu mwaka 1972 lugha hiyo huandikwa rasmi kwa herufi hizi hizi za Kilatini. Nawaomba waitumie ubaoni: "ku" upande mmoja, "in", "on" na "at" upande wa pili, na mifano itoke vinywani mwa wanafunzi. Naye mwalimu aliyetoka Kisii au Machakos amwombe mwenzake amfundishe vijineno hivyo vinne. Ni kazi ya alasiri moja.