Kuomba Tena Nafasi ya Kusomea Udaktari

Kila mwaka wako vijana wanaokosa nafasi ya kusomea udaktari, nao huleta maombi yale yale mwaka unaofuata. Chama kinachoombwa mkopo wa ada hakina budi kuuliza kwanza: mwombaji alikosa sifa, au alizidiwa katika ushindani?

Nchini Tanzania mhitimu wa kidato cha sita hutakiwa kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pointi zisizopungua 6, kwa mfano D tatu. Lakini kutimiza sifa si kuchaguliwa. Wenye alama za juu hutangulia.

Aliyepungukiwa katika somo aweza kulirudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyefaulu ila akazidiwa aombe pia vyuo vingine mbali na Muhimbili, ambako ushindani ni mkali. Njia ya tatu ni stashahada ya utabibu, ya miaka 3. Afauluye vyema humo aweza kuomba shahada baadaye. Na asipochaguliwa, atakuwa na taaluma mkononi.

Hivyo basi, kabla ya kupitisha mkopo, halmashauri ione ni nini kilichobadilika. Mbegu iliyokataa kuota haipandwi mara ya pili.